Zamu ya Sindano

"Majibu yako ni mawili, mama," nesi alisema, macho yakiwa bado kwenye daftari. "La kwanza zuri: virusi vya Ukimwi huna. La pili si zuri, lakini lina dawa. Kwa hiyo usianze kulia kabla sijamaliza kusema."

Fundi cherehani hakuwa na mpango wa kulia. Alikuja kliniki kwa ajili ya mimba yake ya miezi mitano, akatobolewa kidole kama wanawake wote waliokuwa kwenye benchi, akasubiri dakika ishirini huku akiwaza sketi kumi na mbili za shule alizoziacha nyumbani bila pindo. Alidhani ataambiwa damu imepungua, ale mboga za majani, aende zake.

"Una kaswende."

Hilo ni neno ambalo watu wakiwa kundi hulitania. Likitajwa mtu akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, utani wote hukauka. Fundi alikitazama kidole chake, pale palipobaki alama ya damu, kana kwamba kosa lilikuwa la kidole.

"Sista, mimi sina kidonda. Sijawahi kuwashwa wala kuumwa popote huko."

"Ndiyo tabia yake ugonjwa huu." Nesi aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayohayo mara mia na bado anayasema vizuri. "Kidonda kinatoka, hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani asikione kabisa. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe, mtu anashukuru Mungu. Kumbe ugonjwa haujatoka, umeingia kwenye damu. Mtu anakaa nao miaka, anacheka, anafanya kazi zake. Na akiwa na mimba, unakwenda kwa mtoto."

"Kwa mtoto?"

"Hapa umeandika mimba ya mwaka jana ilitoka na miezi saba. Walikupima?"

"Nilikuwa sijaanza kliniki. Nilisema nimalize kwanza nguo za kufungua shule."

Nesi hakumkaripia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Siwezi kukuambia ndiyo sababu. Lakini siwezi pia kukuambia siyo."

Hapo ndipo fundi alipolia. Alilia kwa ajili ya mtoto wa kiume aliyezaliwa kimya mwaka jana, aliyeoshwa na mama mkwe wake kwenye beseni, kisha wakaambiwa wamshukuru Mungu, wao bado vijana. Nesi alimwachia kama dakika moja, akaendelea, maana benchi lilikuwa limejaa.

"Sikiliza. Huyu uliye naye tumboni tumemwahi. Utachomwa sindano tatu: leo, Jumatatu ijayo, na Jumatatu ya tatu. Usikose hata moja. Na mume wako lazima aje, apimwe, atibiwe. Ukitibiwa peke yako, atakurudishia tena. Ni sawa na kupiga deki huku paa linavuja. Na mpaka atibiwe, kila mtu na shuka lake. Tumeelewana?"

Alimpa karatasi ndogo: *Mwenzi wa namba 214.* Haikuwa na jina la mtu wala la ugonjwa. Kisha akampeleka kwenye chumba cha sindano, na fundi akagundua kwamba kuna dawa nzito kama uji ambayo mwili hauitaki. Ilimwingia upande wa kulia na mguu mzima ukafa ganzi. Alirudi nyumbani akichechemea, na kwa siku tatu alishona akiwa amekalia nusu ya kitako juu ya mto uliokunjwa, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

 

Nyumba yao ilikuwa chumba na ukumbi, na ukumbi ulikatwa kwa pazia. Nyuma ya pazia alilala mama mkwe. Kwa hiyo mambo ya mume na mke katika nyumba hiyo yalisemwa kwa kunong'ona, na yale yasiyonong'oneka hayakusemwa.

Jioni ile mumewe alirudi kutoka lindoni, kwenye geti la kiwanda cha sabuni, akavua buti. Alikuwa mtu mpole, mwenye sare iliyopigwa pasi na mkewe kila Jumapili, asiyelewa, asiyepiga mke. Majirani walimtolea mfano. Fundi alimweleza yote, mdomo karibu na sikio lake, huku redio ya mama ikisoma taarifa ya habari upande wa pili.

"Kinapona chenyewe?" mlinzi aliuliza. Aliuliza upesi mno.

"Ndivyo alivyosema. Kinapona, ugonjwa unabaki."

Miaka miwili nyuma mlinzi alipelekwa kulinda ghala mbali na nyumbani, miezi minne, na huko kulikuwa na mwanamke mmoja aliyewapikia chai. Mambo yakawa yalivyokuwa. Baadaye aliona kidonda, hakikumuuma, akanunua mafuta ya kupaka na vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, bila kupimwa, bila kumtazama muuzaji machoni. Kikapona. Alilitupa kopo la mafuta chooni na akajihesabu mtu mwenye bahati. Sasa alihesabu kitu kingine: ghala, kidonda, kurudi nyumbani, mimba, beseni.

"Mimi sijui nimeutoa wapi," fundi alinong'ona. "Wewe unajua?"

"Mimi nitajuaje?"

"Utakwenda?"

"Jumamosi sina zamu. Nitakwenda."

Na haki yake apewe: alipokuwa akisema, alikusudia. Ila kutoka Jumatatu hadi Ijumaa ni siku nyingi kwa mtu mwoga. Kila siku hofu ilimwongezea neno. Kama hiki kimekaa kimya miaka miwili, kipi kingine kimekaa? Mkewe hana Ukimwi, sawa, lakini yeye je? Akipimwa atajua, na akijua atalazimika kusema, na akisema, mama yake yuko nyuma ya pazia.

 

Kwenye geti la kiwanda cha sabuni kulikuwa na daftari la mahudhurio, na walinzi walikuwa na utaratibu wao ambao bosi hakuujua. Mmoja akiwa na dharura, mwenzake alimsainia. *Nishikie leo, kesho nakushikia.* Kwa miaka mingi watu walizika, waliuguza na hata kuoa huku daftari likionyesha wako getini. Hakuna aliyeona dhambi ndani yake. Ulikuwa ubinadamu wenye kalamu.

Ijumaa mlinzi alimwendea mwenzake aliyeitwa Filimbi, kwa sababu alikipulizia filimbi kila kilichosogea, hata paka wa jikoni. Filimbi alikuwa rafiki wa tangu ujana, na ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa yao. Alikwenda mara tatu kwa wazazi wa fundi kupeleka posa, akakatishwa tamaa mara mbili, na ya tatu akarudi amepewa soda.

"Nishikie zamu kesho," mlinzi alisema.

"Kesho si huna zamu?"

"Siyo hapa. Kliniki."

Alimweleza nusu ya mambo, na nusu nyingine Filimbi akaielewa mwenyewe. Alijikuna kidevu.

"Ndugu yangu, damu siyo saini."

"Ni kutobolewa kidole tu. Unatoa hii karatasi, unapimwa, unapewa majibu, unaniletea. Jina halitakiwi, ni namba. Mke wangu atatulia, amalize sindano zake. Mimi nitajitibu taratibu, kimyakimya. Nitanunua dawa."

"Si ulinunua mara ya kwanza?"

"Nitanunua nzuri zaidi. Filimbi, ulipokwenda kumzika baba yako nani alikushikia siku tano?"

Filimbi alipokea karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati pamoja na filimbi yake.

Jumamosi asubuhi alikaa kwenye benchi la kliniki katikati ya wanawake wajawazito, akitazama dari. Nesi alimwita.

"Wewe ndiye mume wa 214?"

"Ndiye."

"Hongera kwa kuja. Wanaume wengi hukimbia." Filimbi aliinamisha kichwa. Kidole kikatobolewa, dakika ishirini zikapita, nesi akarudi. "Kaswende huna. Ukimwi huna."

"Basi asante, sista," Filimbi alisema, akiwa amekwisha kusimama.

"Unakwenda wapi? Mwenzi wa mgonjwa anachomwa hata kipimo kikisema hana. Inaweza kuwa imeingia juzi, bado haijaonekana. Chumba kile pale, legeza mkanda."

Filimbi alifikiri kusema kweli. Alifikiri pia siku tano za msiba wa baba yake. Akalegeza mkanda.

 

Mlinzi alirudi nyumbani adhuhuri akiwa na karatasi aliyopewa na Filimbi, amefurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Njia nzima aliitazama: *Mwenzi wa 214. Kaswende: HANA. Ukimwi: HANA. Amechomwa sindano ya kinga.* Mhuri wa bluu ulikuwa chini yake. Alikuwa karibu ameamini kwamba ni damu yake iliyosema hivyo. Aliingia, akajitupa kwenye stuli ya mbao, pu, akavua buti na kumpa mkewe karatasi.

Fundi alisoma. Kisha akasoma tena.

"Huna," alisema.

"Sina."

"Mimi ninao, wewe huna."

Hapo tu ndipo mlinzi alipouona uso wa mkewe, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alitaka karatasi safi. Hakuna wakati wowote, tangu Jumatatu, alipofikiri kwamba usafi wake ungekuwa uchafu wa mkewe. Katika ile nyumba kulikuwa na watu wawili tu wa kulaumiwa, na mmoja sasa alikuwa na mhuri.

Fundi hakupiga kelele. Mtu asiye na kosa akionyeshwa mhuri huanza kujitafutia kosa, na yeye alianza. Kabla ya ndoa alikuwa na mchumba mmoja, miaka saba iliyopita. Labda ni yule. Basi hata mtoto wa mwaka jana nimemwua mimi, aliwaza, na machozi yakamtoka, sketi aliyoishika ikaanguka pamoja na karatasi.

"Nini?" Pazia lilifunguka. Mama mkwe alikuwa ameona sketi chini, ameona machozi, na sasa ameona karatasi. Aliiokota kabla ya yeyote. Alisoma kwa kufuata mstari kwa kidole, midomo ikitembea. Kisha alinyoosha mkono kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini, ambamo fundi aliweka kadi ya kliniki, akaisoma nayo.

"Mwanangu hana," alisema polepole. "Wewe unao. Umeutoa wapi?"

"Mama, sijui."

"Hujui! Mwaka jana nilisema mimba inatoka kwa sababu ya kukanyaga hilo cherehani mchana kutwa. Kumbe nalisingizia cherehani! Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wateja wanaingia humu, mafundi wanaingia, mimi nasema ni kazi. Kazi!"

"Mama, mwache," mlinzi alisema.

Hayo ndiyo maneno yote aliyoyapata. Mawili tu, na hata hayo aliyasema akitazama buti zake. Koo lake lilikuwa na sentensi nyingine, imefika mpaka kwenye meno, lakini aliimeza. Msomaji mwema anaweza kumhurumia. Mimi nilishindwa.

Mama alichukua simu yake. Alimpigia kaka wa fundi, akampigia na mshenga. "Ndoa aliyoileta kwa mdomo wake," alisema, "aje aione ilivyo."

 

Walikaa kikao Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kaka mkubwa wa fundi, ambaye alikuwa fundi bomba papo hapo mjini, alikuja moja kwa moja kutoka kazini na sanduku lake la vifaa, akaliweka miguuni. Mlinzi alikaa kwenye stuli yake. Fundi alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mkono juu ya tumbo. Usiku mzima wa kuamkia siku hiyo alikuwa amefikiria kitu kimoja: wakimrudisha kwao leo, nani atamchoma kesho? Kwao ni safari ya siku nzima. Sindano ya pili itapita, na nesi alisema asikose hata moja. Aibu ilimuuma, lakini hofu ya mtoto ilimuuma zaidi.

Filimbi alisimama mlangoni.

"Nimewaita kwa sababu maji yamezidi unga," mama mkwe alianza. "Karatasi hizi hapa. Ya mwanangu hii, ya dada yako hii. Soma, baba."

Kaka alisoma. Alipomaliza alizirudisha mezani kwa uangalifu. "Mama, mimi kazi yangu ni mabomba. Nikikuta maji sakafuni silaumu ndoo, nauliza kwanza yanatoka wapi."

"Yanatoka kwa dada yako! Karatasi si inasema?"

"Karatasi inasema nani anao. Haisemi aliutoa wapi." Lakini alikuwa amemtazama dada yake mara moja tu, haraka, na fundi aliiona shaka ile ikampita usoni. Kaka yake aliyembeba mgongoni utotoni. Hiyo ilimchoma kuliko maneno yote ya mama mkwe.

"Mshenga, kaa basi," mama alisema. "Kikao gani hiki mtu mmoja kasimama kama askari?"

"Nimezoea, mama. Kazi yetu ni ya kusimama."

"Kaa, nimesema. Kiti hicho."

Hakuna mwanamume anayeshindana na mama wa rafiki yake nyumbani kwake. Filimbi alishika mgongo wa kiti, akajishusha kidogo kidogo, akatua upande wa kushoto na kuuacha wa kulia ukining'inia hewani. Mguu wa kulia aliunyoosha mbele. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na meno aliyaonyesha kana kwamba anatabasamu.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye mkeka. Alimtazama kwa muda mrefu. Kukaa kule alikujua. Alikaa hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, juu ya mto uliokunjwa. Kisha akakumbuka sauti aliyoisikia jana na kutoijali: pu, kwenye stuli ya mbao.

"Shemeji," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Unaumwa?"

"Hapana, shemeji. Niliteleza."

"Lini?"

"Jana."

"Wapi?"

"Kwenye… kwenye ngazi."

"Ukaumia upande gani?"

Filimbi alimtazama mlinzi. Mlinzi alitazama sakafu. "Wa kulia," Filimbi alisema.

"Pole. Mimi pia niliteleza upande wa kulia, Jumatatu. Aliyeniangusha ni sista wa kliniki."

"Mambo gani ya kuteleza tena?" mama mkwe alifoka. "Tunazungumza jambo la maana hapa!"

"Ndilo hilo, mama." Fundi alisimama, mkono mmoja ukutani. Alimgeukia mumewe. "Karatasi yako inasema ulichomwa jana. Ile dawa naijua, mimi hata kupiga magoti nilishindwa. Wewe jana uliingia ukajitupa kwenye stuli. Leo umekaa hapo saa nzima, umekunja nne. Simama."

"Mke wangu…"

"Simama, ukae tena. Tuone."

Kaka wa fundi alikuwa ameelewa. Alimtazama Filimbi, akamtazama shemeji yake, akaegemeza viwiko kwenye magoti. "Simama, shemeji," alisema kwa upole ambao haukuwa upole.

Mlinzi hakusimama. Nje mtu alipita akivuta ndoo ya maji, wakasikia mpaka sauti ilipotokomea. Ni Filimbi aliyeshindwa kuvumilia.

"Ndugu yangu, sema," alisema. "Siku tano nimekulipa. Zamu yangu imeisha."

Mlinzi alifunika uso kwa viganja. "Sikwenda," alisema ndani ya viganja vyake. "Alikwenda yeye."

"Kwa nini?" mama yake aliuliza. Bado hakuwa ameona yote.

"Kwa sababu niliogopa kupimwa. Kidonda nilikipata mimi. Kule ghalani. Kikapona, nikadhani kimekwisha." Alishusha mikono. Alikuwa akilia, na hakujaribu kuficha. "Mke wangu hana kosa. Niliuleta mimi. Jana nilitaka kusema nikashindwa."

Mama mkwe alibaki na karatasi mkononi, ile ya mhuri, akaitazama kana kwamba imebadilika maandishi. Kisha aliiweka chini, taratibu, na aliposema hakumtazama mwanawe bali mikono yake mwenyewe.

"Mtoto yule nilimwosha mimi," alisema. "Kwa mikono hii. Alikuwa na kucha tayari. Na wewe ulisimama pale mlangoni, ukashika taulo."

Mlinzi alijikunja kwenye stuli kama aliyepigwa teke tumboni.

"Dada," kaka alisema, "kusanya vitu vyako. Twende kwetu."

Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa na hasira, hasira safi ya mtu aliyerudishiwa jina lake, na ilimnyoosha mgongo. "Siendi. Kesho nina sindano ya pili, na daftari langu liko hapa. Nikienda nitamwokoa nani? Anayetoka ni yeye. Akalale kwa mshenga wake, wakashikiane zamu."

Mlinzi alimtazama mama yake. Mama alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na shuka, akamtupia.

Alipofika mlangoni, buti mkononi, alimgeukia mkewe. "Kesho nitakuja kliniki."

"Uliniambia hivyo Jumatatu," fundi alisema.

 

Jumatatu fundi alifika kliniki mapema, mama mkwe akiwa amemshikia mfuko. Walipofika getini mama alisema tu, "Nilikutukana bure, mwanangu," akaenda kununua maji, kwa sababu kusema zaidi ya hapo kulikuwa kazi ambayo hajawahi kufundishwa.

Saa moja na nusu, benchi likiwa limejaa, mlinzi aliingia. Hakuwa amevaa sare. Alimwona mkewe, akasita, akapitiliza mpaka kwenye meza ya daftari, iliyowekwa mlangoni ambapo kila mtu husikia.

"Mwenzi wa 214," alisema.

Nesi alifunua kurasa. "Huyu alishakuja Jumamosi. Alipimwa, akachomwa."

"Hakuwa mimi."

"Sema kwa sauti, watoto wanapiga kelele."

Mlinzi alipandisha sauti. "Sista, yule hakuwa mimi. Nilimtuma mtu."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Nesi alivua miwani.

"Kwa hiyo nimemchoma mtu mzima asiye na ugonjwa wowote."

"Ndiyo, sista."

"Anaendeleaje?"

"Anakula amesimama."

Sasa benchi zima lilicheka. Mlinzi alisimama pale akakipokea kicheko chote, masikio yakiwaka moto, asiondoke. Fundi hakucheka. Alikuwa akiangalia miguu ya mumewe, kuona kama itageukia mlango wa kutokea. Haikugeuka. Nesi alikata mstari kwenye daftari, akaandika upya, akamwonyesha kiti cha kutobolewa kidole.

Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko lindo lolote alilowahi kulinda. Kisha aliitwa ndani na mlango ukafungwa. Ukimwi hakuwa nao. Kaswende alikuwa nayo. Vyote viwili aliambiwa kwa sauti ileile, na alipoelezwa kwamba naye ni sindano tatu, wiki tatu, hakuuliza kama kuna vidonge.

Fundi alikuwa amekwisha kuchomwa yake, safari hii upande wa kushoto, akasimama kwa kuegemea ukuta karibu na benchi. Wanawake walikuwa wamepungua, nafasi zilikuwepo. Aliusikia mlango wa chumba cha sindano ukifunguka. Mumewe alitoka akiburuta mguu wa kulia, mkono mmoja nyuma ya kiuno, uso umekunjamana. Alikuja mpaka alipo yeye, si karibu sana, akasimama.

Fundi hakujua bado kama atamrudisha ndani ya nyumba. Alijua sindano moja imebaki kwake, mbili kwa mumewe, na miezi minne kwa mtoto. Tumboni kitu kilijigeuza. Aliweka mkono hapo.

"Kaa," alimwambia, akimwonyesha benchi.

Mlinzi alilitazama benchi. Alijaribu kuinama kidogo, akakunja midomo, akanyooka tena.

"Siwezi," alisema.

Na fundi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, alimwamini.